Swali la Lugha: Kifungu Kina "Kwa Hiyo", Lakini Si cha Sababu na Matokeo

Swali: Katika mazoezi ya ufahamu kuhusu wanyamapori, wanafunzi huulizwa kifungu kimepangwaje: kwa maelezo, mfuatano, ulinganishi, sababu na matokeo, au tatizo na suluhisho. Wengi huwinda maneno kama "kwa hiyo" na "kwanza", wakajibu papo hapo, wakakosa. Wafanyeje?

Jibu: Wanakosa kwa kuwa kiunganishi huunga sentensi na jirani yake tu, ilhali mpangilio ni wa kifungu kizima. Tazama mfano huu:

"Kifaru mweupe ana mdomo mpana, hivyo hula nyasi zilizo chini. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, kwa hiyo hushika vitawi na majani ya vichakani. Wote wawili wana pembe mbili."

Mwenye haraka ataandika "sababu na matokeo". Sasa mwambie aandike pembeni mwa kila sentensi maneno mawili matatu tu: inamzungumzia nani, inasema nini juu yake. Atapata: mweupe – mdomo na chakula; mweusi – mdomo na chakula; wote – pembe. Wanyama wawili wamepimwa kwa vipengele vilevile. Huo ni ulinganishi, na sababu zilizomo zinautumikia tu. Jibu lisomwe kwenye maandishi hayo ya pembeni.

Maelezo na mfuatano ndiyo jozi inayosumbua zaidi. Hapa kipimo kizuri ni kuhamisha sentensi. Kifungu kinaweza kusema kwamba duma, kwanza, ana michirizi myeusi kutoka machoni hadi mdomoni. Pili, ana madoa meusi ya mviringo. Tatu, kucha zake hufichika kwa sehemu tu. Anza na kucha umalizie na michirizi, hakuna kinachoharibika. "Kwanza" na "pili" hapo ni za kuorodhesha, na kifungu ni cha maelezo. Lakini mamba jike huchimba shimo, hutaga mayai, huyafukia. Yakikaribia kuanguliwa, makinda hulia ndani ya maganda, naye hufukua na kuwabeba mdomoni hadi majini. Jaribu kutanguliza kufukua kabla ya kutaga: habari inavunjika. Huo ni mfuatano, ingawa hamna "kwanza" hata moja.

Kitenzi nacho kisaidie, ila kwa tahadhari. Makala za wanyama hutumia *hu-* kwa tabia ya kudumu ("hula nyasi") na kwa hatua pia ("huchimba shimo"), basi *hu-* peke yake haithibitishi lolote. Dalili yenye nguvu zaidi ni viambishi vinavyofunga tendo moja kwa lingine: *-ki-* ya "yakikaribia", *-po-* ya "wanapoanguliwa", *-ka-* ya "akawabeba". Vikijitokeza sentensi baada ya sentensi, shuku mfuatano, kisha hakikisha kwa kuhamisha.

Yapo pia maneno yenye sura mbili. "Wakati chui hupandisha windo mtini, duma hulila chini" halisemi juu ya saa, linalinganua. Weka "ilhali" mahali pa "wakati": maana ikibaki, ni ulinganuzi, yaani ulinganishi wa kuonyesha tofauti. "Hivyo" huweza kuwa "kwa sababu hiyo" au "namna hiyo". "Kisha" huweza kuongeza sifa tu: "ni mkubwa, kisha ni mkali."

Tatizo na suluhisho hutofautiana na sababu na matokeo kwa jambo moja: lazima kuwe na hatua inayochukuliwa kuondoa tatizo. Tembo huvamia mashamba kwa sababu ya mazao: sababu na matokeo. Wakulima wakiyazungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki, kifungu kimegeuka kuwa cha tatizo na suluhisho.

Vifungu vingi huchanganya mipangilio. Katika kile cha mamba, mwandishi anaweza kuchomeka sentensi kwamba joto la kiota ndilo huamua mayai yatoe dume au jike. Iondoe: hatua zote bado zimekamilika, kwa hiyo mpangilio mkuu ni mfuatano. Ondoa hatua zenyewe, na sentensi ile ya joto inabaki inaning'inia. Mwanafunzi ataje mpangilio mkuu, kisha anukuu sehemu mbili za kifungu zinazouthibitisha, moja ya mwanzoni na moja ya mwishoni. Akishindwa kupata ya pili, ametaja mpangilio wa aya moja tu.