Ukipata residensi ya uhakiki wa muziki, anzia mazoezini

Msimu wa maombi ya residensi, yaani programu zinazomkaribisha mhakiki kijana akae wiki kadhaa kwenye tamasha la muziki, ukikaribia, huwa napokea ujumbe wa vijana wanaoandika kuhusu muziki mpya wa kumbini, na wengi wana swali moja: nifanyeje nichaguliwe? Nitalijibu, ila kwa ufupi, maana kuchaguliwa si sehemu ngumu kama watu wanavyodhani. Ugumu uko kwenye zile wiki utakazokaa huko, umepewa chumba, tiketi na kitambulisho kinachofungua kila mlango, huku wanaokukaribisha ni walewale walioandaa muziki unaotakiwa kuuhakiki.

Kwanza maombi. Programu nyingi za aina hii huweka ukomo wa umri, mara nyingi miaka 30 au 35, na hutaka barua, maandishi mawili matatu ya mfano na wazo la utafiti. Kwenye maandishi ya mfano usitume sifa. Tuma makala ambayo mtu asiyeusikia ule muziki akiisoma anaweza kusema ulikuwaje, hata kama ni fupi na ilitoka kwenye jarida lisilojulikana. Wanaosoma maombi wamechoka kuambiwa kwamba tamasha lilikuwa la kusisimua.

Wazo la utafiti nalo liwe jembamba. "Muziki mpya na teknolojia" si wazo, ni rafu nzima ya maktaba. Chukua mfano huu: mwaka 1963, katika mji wa Hilversum nchini Uholanzi, mtunzi György Ligeti aliwasilisha kazi ya metronomu 100, vile vifaa vya kugonga mapigo ya muziki, zinazogonga kwa pamoja, kisha zinanyamaza moja baada ya nyingine mpaka inabaki moja. Televisheni ilirekodi, halafu haikurusha. Ukiuliza kama huo ni muziki, utaandika yaleyale ambayo kila mtu ameshayaandika. Ukiuliza nani aliamua matangazo yasiende hewani na alikuwa na hoja gani, tayari una sababu ya kuomba ufunguliwe nyaraka.

Haya, tuseme umepata. Ratiba utakayopewa itajaa mihadhara asubuhi na maonyesho jioni, na utaona vibaya kukosa chochote. Mengine yakose tu. Mhakiki wa gazeti husikia kazi mpya mara moja, usiku, na mara nyingi inambidi aandike kabla hajalala. Ndivyo kazi yetu ilivyo na sioni dalili ya kubadilika. Residensi inakupa nafasi ambayo hutaipata tena kirahisi: kuisikia kazi ikivunjwavunjwa mchana, kuifuata kwenye nota, yaani muziki ulivyoandikwa kwenye karatasi, kuisikia nzima jioni, na kurudi kwenye rekodi kesho yake. Mihadhara mingi hurekodiwa au kuchapishwa. Mazoezi yakipita yamepita.

Nilikaa kwenye mazoezi ya Pression, kazi ya mtunzi Mjerumani Helmut Lachenmann ya selo moja, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, ya mwaka 1969. Nota zake kwa sehemu kubwa hazisemi itoke sauti gani. Zinamwonyesha mpigaji mikono iwe wapi, upinde ukandamizwe wapi, kidole kiteleze juu ya uzi upi. Anayeisikia kwenye rekodi tu husikia mikwaruzo, na ni rahisi kuishia hapo. Mle chumbani mpiga selo alirudia sehemu moja fupi tena na tena, upinde ukiwa umebanwa juu ya nyuzi mpaka mkono unamtetemeka. Kila aliposimama, sababu ilikuwa moja: sauti imetoka nzuri mno. Kuna noti safi ilichungulia. Alifuta nyuzi kwa kitambaa, akausogeza upinde kidogo kuelekea kwenye kidaraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, akaanza upya. Ukishaona hivyo huwezi tena kuandika kwamba mpigaji "alikuwa anakwaruza". Utaandika kwamba alikuwa anaikaba noti isizaliwe, na msomaji ataelewa kwa nini ukumbi wote ulikuwa umeshika pumzi.

Daftari langu la mazoezini halina hukumu hata moja. Lina saa, ala, kitendo, na kilichomfanya mwongozaji asimamishe kundi. Hilo la mwisho liandike hata kama linaonekana dogo. Mwongozaji akiwaomba wapiga filimbi washushe sauti mpaka wasikike pale tu tarumbeta inaponyamaza, amekuonyesha uzito wa kipande umekaa wapi, na pengine maelezo ya mtunzi kwenye kijitabu cha onyesho hayataji kabisa jambo hilo.

Nikishafika hapo sina budi kusema neno kuhusu watunzi na maelezo yao. Wengi ni wakarimu, ukiuliza watakueleza kazi yao saa nzima: ilitokana na takwimu za barafu inayoyeyuka, na ndoto, na shairi. Sikiliza kwa adabu. Halafu nenda kawaulize wapigaji ni wapi panawasumbua. Mara nyingi majibu ya wapigaji ndiyo yanayoingia kwenye makala yangu, kwa sababu yanahusu kinachosikika. Chanzo cha kazi hakithibitishi kwamba kazi imefanikiwa. Takwimu za kweli kabisa zinaweza kuzaa dakika ishirini za kuchosha.

Mlezi wetu wa uandishi alikuwa na kalamu moja mbaya sana. Alipita kwenye rasimu zetu akikata kila kivumishi kisichosikika: "ya kina", "yenye nguvu", "ya kipekee". Ukimbishia anakuuliza, kina hicho kimepigwa na ala gani? Tulinuna, kisha tukaanza kukatiana wenyewe kwa wenyewe kabla hajafika. Kama programu yako haina mtu wa namna hiyo, tafuta mwenzako mmoja mbadilishane rasimu kila siku, na asiwe rafiki yako wa karibu.

Sasa lile gumu. Tamasha limekulipia nauli na kitanda. Mkurugenzi wake anakusalimu kwa jina. Mtunzi unayemwandika mnakutana kwenye chai ya asubuhi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walisema, na mhakiki kijana anayetaka kualikwa tena mwakani anaisikia methali hiyo masikioni kila anapofungua kompyuta. Matokeo ni maandishi ya aina moja ambayo nayatambua kufikia mstari wa pili: kila kazi "inachunguza" kitu fulani, na hakuna hata moja iliyoshindwa.

Ukaribu wenyewe si dhambi. Robert Schumann, aliyeanzisha jarida la muziki mjini Leipzig mwaka 1834, alikuwa mtunzi akiwaandika watunzi wenzake. Virgil Thomson aliandika uhakiki kwenye New York Herald Tribune kuanzia 1940 hadi 1954 naye akiwa mtunzi, na waongozaji aliowapima ndio hao hao wenye uwezo wa kuzipiga kazi zake au kuziacha kabatini. Watu walimsema kwa hilo, na walikuwa na haki ya kumsema. Lakini bado anasomwa, kwa kuwa alieleza alichosikia kwa namna inayompa msomaji nafasi ya kumbishia.

Kwa hiyo usingoje ujasiri ukushukie. Jiwekee utaratibu mapema. Wangu ni huu. Makala yoyote niliyoiandika nikiwa mgeni wa tamasha inataja wazi, chini yake, nani amenilipia. Kinachosemwa mezani kinabaki mezani mpaka nimwombe mwenyewe ruhusa. Na kilichoharibika mazoezini sikihukumu: mazoezi ni mahali pa kuharibu, kwa hiyo nayatumia kuelewa, kisha napima kile kilichopigwa mbele ya watu. Hilo la tatu lina faida nyingine, kwamba wapigaji wakikuamini hawatakufungia mlango.

Kuna zoezi nililoliiba kwa Schumann. Yeye aliandika kwa kutumia wahusika wawili aliowabuni, Florestan mwenye moto na Eusebius mpole, wakitazama muziki kwa macho tofauti. Ukikwama kati ya urafiki na ukweli, iandike kazi ileile mara mbili, kwanza kama anayeipenda bila kificho, kisha kama aliyetoka ukumbini amekasirika. Rasimu zote mbili zitakuwa na uongo ndani yake. Angalia maelezo yapi ya sauti yamejitokeza kote kuwili, anzia hayo.

Usikubali pia kuchanganyiwa kazi. Waandaaji wengine watakuomba uwaandikie maelezo ya kijitabu, au maneno machache ya kupandisha kwenye kurasa zao za mtandaoni. Ni kazi halali na wakati mwingine inalipwa vizuri kuliko uhakiki. Ila usiandike maelezo ya kuitambulisha kazi, kisha wiki hiyohiyo ukaihakiki kazi hiyohiyo.

Nyaraka nitazipitia haraka, kwa sababu kila nyumba ina sheria zake. Ukiwa na bahati ya kufika mahali kama Paul Sacher Stiftung mjini Basel, panapohifadhiwa miswada ya watunzi Stravinsky na Webern miongoni mwa wengi, au taasisi ya muziki ya Darmstadt yenye kumbukumbu za kozi za kiangazi zilizoanza mwaka 1946, andika barua mapema ukitaja mtunzi na kazi unayoitaka. Beba penseli. Usitegemee kupiga picha. Jipe muda wa kunakili kwa mkono, kunachosha lakini mkono huona vitu ambavyo jicho limevipita.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza maswali ya fedha na ya maandishi bila kuona haya. Kuna posho, au ni chumba na chakula tu? Viza na bima ni juu ya nani? Nani atahariri, mhariri wa kujitegemea au ofisi ya habari ya tamasha? Kuna mtu atakayesoma makala kabla haijatoka, na ana mamlaka ya kubadilisha? Haki ya maandishi inabaki kwako, na unaweza kuyauza kwingine? Mwandaaji mmoja alinijibu kwamba swali la mamlaka hajawahi kuulizwa, akaingiza kifungu kizima kwenye mkataba siku ileile. Asiyetaka kujibu naye amekujibu.

Na wahariri wa nje waandikie ukiwa bado uko huko, si baada ya kurudi. Wiki ya kwanza ni mapema mno, hujasikia kitu. Katikati ya muda wako ndipo pazuri: una kazi moja unayoijua kuanzia kwenye nota mpaka ukumbini, una wapigaji wa kuhojiwa hatua chache kutoka chumbani kwako, na mhariri akiuliza jambo unaweza kwenda kulithibitisha mchana huohuo. Barua iwe na aya moja. Taja kazi, taja ulichokisikia ambacho wa ukumbini hakukisikia, taja idadi ya maneno na siku utakayokabidhi.