Jina lako kwenye M-Pesa

Mimi ni mwanamume ninayependa wanaume, na nimeporwa mara mbili safarini, zote na wanaume niliowapata kwenye programu za simu za kutafutia wapenzi. Mara ya kwanza ilikuwa Kampala mwaka 2022, ya pili Cape Town mwaka uliofuata. Ya Cape Town nilipigwa kabali, nikapoteza simu na saa. Ya Kampala hakunigusa mtu hata ukucha, lakini ndiyo iliyonikosesha usingizi miezi mitatu.

Nieleze ya Kampala, maana naona vijana wetu wa Mombasa wanarudia kosa lile lile. Nilipanda basi Mwembe Tayari, nikafika nimechoka, na jioni nikaanza kuzungumza na mtu. Mkenya, anafanya kazi kule, laini yake ya Kenya. Akaniomba nauli ya boda. Nikamtumia kwa M-Pesa shilingi mia tatu, kitu gani? Basi mimi mwenyewe nikawa nimempa majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Hakuja. Alichofanya ni kunitafuta Facebook kwa majina hayo, akaikuta orodha ya marafiki zangu, mashangazi wamo, na ustadh aliyenisomesha chuoni yumo. Asubuhi akanitumia picha za mazungumzo yetu na kiasi anachotaka.

Nililipa. Nikalipa tena. Anayelipa huongezewa, hilo nalisema kwa uchungu wa mfuko. Iliponiishia pesa nikamfungia namba, nikaficha ukurasa wa Facebook, nikakaa kungoja. Hakufanya kitu. Lakini wakati wote ule sikuwa na pa kwenda. Ningeingia kituo cha polisi niseme nini? Uganda wakati huo adhabu ya mapenzi yetu ilikuwa tayari kifungo cha maisha, na sheria mpya ya 2023 imeongeza hata kifo kwa makosa wanayoyaita ya kukithiri. Mahakama ya Katiba kule iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, Aprili 2024.

Cape Town niliingia kituoni na shingo imevimba. Afande akaniuliza huyo aliyekukaba ni nani wako, nikasema nilikwenda kwake kulala. Akaandika, hakuinua hata macho. Simu haikupatikana, wala sikuitarajia. Afrika Kusini katiba yao ya 1996 inakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya anayempenda, na ndoa zetu zinafungwa tangu 2006, lakini mwizi hasomi katiba. Pale nilikuwa nimelewa uhuru. Nilimfuata mtu nyumbani kwake usiku wa kwanza, jambo ambalo hapa Mombasa nisingelifanya hata kwa kushikiwa panga.

Kwa hiyo ninapopanga safari siku hizi, sikomei kuuliza sheria ya kule inasemaje. Nauliza likinipata la kunipata, nitamwambia nani?

Ushauri mwingi wa mitandaoni umeandikwa na wazungu, na karibu wote wanasema ukikamatwa piga simu ubalozini. Wao sawa. Sisi Wakenya tuna vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoyafanya mapenzi yetu kuwa jinai, ambavyo Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta Mei 2019. Na jambo la kwanza ubalozi unaloweza kukufanyia kwa nia njema ni kuwaarifu jamaa zako. Sijui wewe, mimi mama yangu asiyapate kwa njia hiyo. Ninachokifanya ni kutafuta kabla ya safari namba ya wakili wa haki za binadamu wa nchi ninayokwenda, naikariri kichwani kama sura fupi. Simu inanyang'anywa kwanza, kwa hiyo namba iliyomo ndani ya simu haikusaidii.

Simu yenyewe huanza kuisafisha siku mbili kabla. Programu za kutafutia wapenzi natoa zote, picha nazihamisha, halafu naingia kwenye kapu la zilizofutwa nifute na humo. Watu husahau kapu. Misri haina kifungu kinachotutaja kwa jina, lakini polisi hujifanya wapenzi kwenye programu hizo hizo, na mazungumzo yako yanageuka ushahidi wa ufuska. Ukipitia Doha au Dubai kubadilisha ndege tu, jua uko chini ya sheria ya pale tangu mlango wa ndege unapofunguka.

Tanzania ni jirani, tunavuka Lunga Lunga kama tunavuka Likoni, na ndiyo maana tunajisahau. Sheria ya Tanzania Bara ni miaka thelathini hadi maisha. Vilainishi vya kitandani walivipiga marufuku mwaka 2016, usivibebe. Unguja, mimi na mwenzangu tunachukua chumba cha vitanda viwili, tunavichafua vyote viwili asubuhi. Mnaweza kucheka. Yule dada wa usafi naye ana macho.

Kuna jambo la kuchekesha hapo. Pwani yetu wanaume wawili kushikana mikono wakitembea bustani ya Mama Ngina si kitu, ni urafiki. Mkono huo huo, ukifika Ulaya, umeshajitangaza. Na shoga, kwa mama zetu, ni rafiki wa kike wa kunywa naye chai. Neno hilo likitoka kinywani mwa kijana wa kituo cha matatu, jua umeonekana. Nyumbani tunazisoma alama hizi bila kufikiri. Ugenini hatujui kusoma, na siku tatu za kwanza mimi hukaa kimya, naangalia watu.

Rafiki yangu aliyezaliwa akaandikwa mwanamume, na sasa anaishi kama mwanamke, ana kazi kubwa kuliko yangu. Pasipoti inasema M, uso unasema vingine. Yeye siku ya kusafiri huvaa kadiri ya picha, vipodozi ndani ya begi, na mashine ya ukaguzi ikilia huomba chumba cha faragha kabla hawajaanza kumpapasa mbele ya foleni. Anasema inamuuma kila mara. Lakini anafika.

Na huyo ndiye ninayemwachia ratiba yangu. Kila usiku nikiwa safarini namtumia ujumbe. Nikiandika "nimekula mahamri", nimelala salama. Nikiandika "mbaazi zimeungua", anajua ampigie nani. Usiku mmoja niliandika kweli kuhusu mbaazi, zilikuwa zimeungua kwelikweli kwa mwenyeji wangu, na saa kumi alfajiri wakili wa watu akanipigia simu, sauti imejaa usingizi, akiniuliza niko kituo gani.