Shahada ya uzamili bila kuacha kazi

SWALI: Mimi ni afisa ustawi wa jamii mjini Moshi. Natamani kusoma shahada ya uzamili katika fani hii, lakini mshahara ndio unaosomesha wanangu. Nifanyeje?

JIBU: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, hufundisha kwa masafa na kina kituo mkoani Kilimanjaro, hivyo hutalazimika kuhamia Dar es Salaam. Ugumu, kwa maoni yangu, hauko sana kwenye vitabu bali kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo huangukia saa zile zile za kazi. Kwa hiyo zungumza na mwajiri kabla ya kujisajili, na ruhusa uipate kwa maandishi. Omba pia upangiwe nje ya ofisi yako, tuseme hospitalini au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, kwa sababu mashauri ya matunzo ya watoto unayoyasikiliza kila siku hayatakuongezea mengi.