Vita vya dini, vya kidini au vya madhehebu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafasiri kitabu cha historia ya Ulaya kwa ajili ya sekondari. Sura moja inahusu Ufaransa kati ya 1562 na 1598, Wakatoliki na Wahugenoti (Waprotestanti wa Ufaransa) walipokuwa wakiuana. Niliandika "Vita vya Dini". Mhariri akafuta, akaweka "Vita vya Madhehebu", akidai wote walikuwa Wakristo kwa hiyo dini ni moja. Mfasiri mwenzangu naye anashikilia kwamba Kiswahili sanifu ni "vita vya kidini". Tena, wanahistoria wanavihesabu kuwa vinane: niandike "vita nane" au "vita vinane"? Nisaidie kabla kitabu hakijaenda mitamboni.

Jibu: Marahaba. Nianze na la mwisho, maana hilo halina ubishi mrefu. Ni vita vinane. Neno vita halina umoja. Hakuna "kita" hata uchimbe kamusi nzima. Viwe vya siku moja au vya miaka thelathini, ni vita tu, na upatanisho wake ni wa vi-: vita vikali, vita vyao, vita vinane. Najua tumezoea "Vita Kuu ya Pili ya Dunia", na siku hizi "vita hii" inasikika mpaka kwenye taarifa ya habari. Nadhani msemaji anahisi kwamba anataja kitu kimoja, anatafuta umoja haupati, basi anajisaidia na ngeli ya I-ZI. Simlaumu. Ila kwenye kitabu cha shule, kaa na vi-.

Jihadhari tu na jirani yake. "Vita vinane" ni idadi, "vita vya nane" ni nafasi. Vita vya nane vya Ufaransa vilianza 1585 vikaisha 1598, virefu kuliko vyote vilivyovitangulia. Kalamu ikiteleza hapo, utakuwa umemrundikia mwanafunzi vita vinane ndani ya miaka kumi na mitatu. Na vinahesabika hivyo kwa sababu katikati palikuwa na amri za amani za mfalme, kama ile ya Amboise mwaka 1563, ya Longjumeau mwaka 1568 na ya Saint-Germain mwaka 1570. Amani inatangazwa, watu wanapumua, wanaanza tena. Ukichoka kurudia "vita", sema "duru".

Sasa mhariri wako. Hoja yake ina uzito, nami nisingemfokea. Kwa Kiswahili cha ofisini, Ukristo ni dini, Uislamu ni dini, na ndani ya kila moja mna madhehebu. Lakini sikiliza watu wanavyosema nyumbani: binti Mlutheri akiolewa na Mkatoliki, shangazi haulizi kama "amehama dhehebu", anauliza kama amebadili dini. Matumizi hayo mawili yanaishi bega kwa bega, na la pili si ujinga wa shangazi.

Lenyewe neno madhehebu lina safari yake. Kiarabu ni madhhab, na kwa asili ni njia, mahali pa kupita, kutokana na kitenzi chenye maana ya kwenda. Ni umoja. Waswahili tukaisikia ile ma- ya mwanzo tukaidhania kiambishi cha wingi, kama ya matunda na maembe, tukajichongea umoja wetu: dhehebu. (Ndivyo tulivyofanya na kitabu pia: ki- yake ni ya asili ya neno, lakini sisi tukazaa vitabu, na leo hakuna anayelalamika.) Kwa Mwislamu wa pwani, madhehebu ni kwanza Shafi, Hanafi, Maliki na Hanbali, yaani njia za fiqhi ambazo wafuasi wake wanaweza kuswali safu moja nyuma ya imamu mmoja. Unguja ya masultani ilikuwa na watawala Waibadhi na raia ambao wengi wao walikuwa Washafi, na kadhi wa huku na wa kule. Neno lenyewe, basi, linabeba harufu ya nyumba moja yenye milango kadhaa.

Ndipo ninapoachana na mhariri. Watu wa Vassy hawakuiona nyumba hiyo moja. Tarehe 1 Machi 1562 askari wa kabaila François de Guise waliwavamia Waprotestanti waliokuwa wakisali ghalani katika mji huo mdogo, wakaua makumi, na duru ya kwanza ikaanzia hapo. Waliovamia hawakudhani wanagombana na mlango wa pili wa nyumba yao. Neno lililokuwa vinywani mwa Wakatoliki lilikuwa uzushi. Nalo liandike "uzushi wa imani", la sivyo kijana wa leo ataelewa udaku wa mitandaoni.

Tena watu wa zama hizo wenyewe walisema "dini". Amri ya Nantes, ambayo Mfalme Henri IV aliitoa mwaka 1598 kuvimaliza vita hivyo, inataja dini ya Kikatoliki, ya kitume na ya Kirumi, halafu inataja ile nyingine kwa jina linalonifurahisha kila nikilikumbuka: "religion prétendue réformée". Hati za serikali zilikuja kulifupisha kwa herufi tatu, R.P.R. Lugha nyingi zinapata taabu kuifasiri ile prétendue. Sisi tuna eti. "Dini eti iliyorekebishwa." Mfalme anawapa Wahugenoti ruhusa ya kuabudu, na katika hati hiyohiyo anawabinya kwa eti. Lakini tazama: hata kwa dharau hiyo, bado ni dini. Ujerumani nako ni vivyo hivyo: hati ya suluhu ya Augsburg ya mwaka 1555 inataja "dini ya zamani" upande huu na wafuasi wa Ungamo la Augsburg, yaani Walutheri, upande ule.

Mchukue Henri mwenyewe umpime kwa maneno haya mawili. Alilelewa Mprotestanti. Tarehe 18 Agosti 1572 alioa dada wa mfalme mjini Paris, ndoa ya kupatanisha. Siku sita baadaye, sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, wageni waliokuja harusini wakachinjwa pamoja na maelfu ya Wahugenoti wengine. Yeye akaponea kwa kuwa Mkatoliki. Mwaka 1576, alipotoroka ikulu, akarudi Uprotestanti. Mwaka 1593, akiwa mfalme ambaye Paris haitaki kumfungulia malango, akaingia tena Ukatoliki. Ukiandika kwamba "alihama dhehebu" mara tatu, msomaji ataona mtu anayehama nyumba ya kupanga. "Alibadili dini" ndiyo inayobeba kisu kilichokuwa shingoni.

Mwenzako wa "kidini" ana jambo la maana, ila amelielekeza vitani siko. Ile ki- si ya usanifu, ni ya namna na sura. Mambo ya watoto ni yanayowahusu watoto. Mambo ya kitoto anaweza kuyafanya babu. Vivyo hivyo, vita vya dini ni vita ambavyo dini ndiyo inayogombewa. Vita vya kidini vina sura ya dini, na chini ya sura hiyo pengine kuna kingine. Na kipo kisa kinachoivaa hiyo ki- kama kanzu iliyopimwa: Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Vilianza Praha kwa ugomvi wa Waprotestanti na watawala Wakatoliki, lakini kufikia Januari 1631, kwa mkataba wa Bärwalde, Ufaransa ya Kikatoliki iliyoongozwa na Kardinali Richelieu ilikuwa inamlipa fedha Gustavus Adolphus, mfalme Mlutheri wa Sweden, apigane na kaisari Mkatoliki. Mwaka 1635 Ufaransa ikaingia yenyewe. Kardinali anagharimia jeshi la Walutheri! Hapo "vya kidini" inatosha, na wengine wangesema hata hiyo imezidi.

Kwa sura yako, kichwa kiwe "Vita vya Dini vya Ufaransa, 1562–1598". Aya ya kwanza ningeianza hivi: "Vita hivi vinane vilipiganwa baina ya wafuasi wa madhehebu mawili ya Kikristo, ambao kila upande uliiona imani ya mwenzake kuwa si dini ya kweli." Mhariri amepata madhehebu yake, nawe umebaki na dini yako. Mwenzako mpe sura ya Vita vya Miaka Thelathini.

Na mhariri akitaka kuipunguza ile "vya" ya pili kwa kuwa inajirudia, usikubali. Zote mbili zinarejea vita. Akikuandikia "Vita vya Dini ya Ufaransa", wanafunzi watataka kujua hiyo dini ya Ufaransa iliasisiwa na nani.