Superman wangu ni Reeve
Umeuliza kama misuli ndiyo humfanya mwigizaji awe Superman hasa. Hapana. Mtazame Christopher Reeve katika filamu ya 1978, pale nyumbani kwa Lois, mwandishi wa habari mwenzake Clark. Clark, yaani Superman akijifanya mtu wa kawaida, anavua miwani, ananyoosha mgongo, mabega yanapanuka, sauti inakuwa nzito. Suti ni ileile, lakini mbele yako amesimama mtu mwingine kabisa! Kisha anaghairi, anavaa miwani na kunywea tena. Misuli aliijenga kweli, tena kwa kufundishwa na David Prowse, yule aliyevaa vazi la Darth Vader, adui katika filamu za Star Wars. Lakini kwa sekunde zile chache nikaamini kabisa kwamba Lois, mwandishi hodari vile, angefanya naye kazi ofisi moja asimtambue.