Homiopathi si mitishamba, na haijathibitika kumtuliza mtoto

Dada, umeuliza kama vidonge vya sukari vya homiopathi alivyoletewa mwanao asiyetulia kutoka Uingereza ni mitishamba, na kama vinasaidia kwa vile shirika la hisani linachangisha pesa za kuvitafiti. La, si sawa na mwarobaini au habasoda yetu. Mitishamba ina dawa ndani yake, kali au hafifu. Homiopathi, iliyoanzishwa na Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796, huzimuliwa mno: ukiona 30C kwenye kichupa, ujue ni sehemu moja kwa mia, kisha tena kwa mia, mara 30. Kufika mara ya 12 hivi, uwezekano ni kwamba hata chembe moja ya dawa haimo. Ni kama kutia tone la shira Mkanda wa Lamu ukateka maji Mokowe ukitaraji utamu.

Kuhusu mtoto mwenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini (ADHD), mapitio ya 2007 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inasaidia. Na shirika la hisani kuchangisha pesa za utafiti si dalili kwamba dawa inaponya. Utafiti hufanywa ndipo ijulikane.

Mimi nauza dawa hapa Lamu, kwa hiyo mtasema natetea biashara yangu. Haya. Lakini angalieni vidonge vya homiopathi vya watoto wanaoota meno: mwaka 2017 Marekani ilikuta vingine vina beladona, mmea wa sumu, kupita kiasi kilichoandikwa. Mtoto akiwa na homa, mpeleke apimwe malaria. Shirika la Afya Duniani lilishaonya 2009 kwamba homiopathi isitumiwe kutibu malaria wala kuhara kwa watoto wachanga.