Briji Mpya ya Gitaa Lenye Vibrato: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gitaa likipoteza tyuni kila ukibonyeza mkono wa vibrato, ile fimbo inayoshusha na kupandisha sauti, lawama huiangukia briji, kile kipande cha chuma mwilini kinachoshika nyuzi, na mara nyingi inasingiziwa. Kabla hujatoa pesa, fanya jaribio moja. Tyuni uzi wa tatu, bonyeza mkono mpaka uzi ulegee, uachie taratibu, kisha tazama tyuna. Sasa tyuni tena, uvute uzi huohuo pembeni kwa kidole na kuuachia. Kama mara ya kwanza sauti ilirudi juu kidogo, na mara ya pili ikarudi chini, uzi unakwama kwenye nati ya shingo, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita. Unga wa risasi ya penseli ndani ya mfereji, au kuusafisha kwa tupa nyembamba, unaweza kumaliza kazi. Briji ya kubadilisha ni ile ambayo makali yake, yaani kingo inazoegemea inapocheza, yamelika, skrubu za vikalio (vipande vidogo ambavyo nyuzi hukalia) zimeshikwa na kutu hazizunguki tena, au mkono unacheza kwenye tundu lake kama jino bovu.

Ukishaamua kununua, usiamini jina lililoandikwa kwenye boksi. (Na usishangae likisema "tremolo": Fender iliiita hivyo tangu Stratocaster ya mwaka 1954, ingawa kinachobadilika ni kimo cha sauti, si ukubwa wake.) Amini vernia kalipa, kifaa cha kupimia milimita kwa usahihi. Kwenye briji inayofungwa mwilini kwa skrubu sita, kipimo cha kwanza ni umbali kati ya tundu la skrubu la kwanza na la sita. Kwenye briji za mtindo wa zamani wa Marekani ni karibu mm 56. Kwenye magitaa mengi yaliyotengenezwa Asia ni karibu mm 52.5. Ukipima matundu mawili tu yanayofuatana, tofauti haifiki hata milimita moja na utajidanganya bila kujua. Pima kutoka tundu la kwanza hadi la sita, yaani kutoka ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine. Ukifanya hivyo huhitaji kukisia katikati ya tundu iko wapi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea: umbali wa skrubu na umbali wa nyuzi ni vitu viwili tofauti. Kuna briji yenye matundu ya mm 56 lakini nyuzi zake zimekaa mm 52.5. Kwa hiyo pima pia kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi wa sita pale kwenye vikalio. Ukiweka briji ambayo nyuzi zake zimekaa mm 56 juu ya shingo nyembamba, uzi wa kwanza utateleza nje ya freti kila ukibonyeza nota za juu, na hakuna marekebisho yatakayouokoa.

Briji zinazoegemea nguzo mbili badala ya skrubu sita zina hesabu yake. Umbali kati ya nguzo huwa mm 56 au mm 74, na Floyd Rose, briji inayobana nyuzi zisiteleze, iko kwenye kundi la pili. Kuitia Floyd Rose kwenye gitaa lisilotengenezwa kwa ajili yake maana yake ni kuchimba mbao na kukata nafasi ya nati yenye kufunga nyuzi. Kwa maoni yetu, ni afadhali kutafuta gitaa ambalo tayari linayo.

Kipimo kinachosahaulika ni urefu wa bloki, lile pande la chuma linaloning'inia chini ya briji na kushika springi. Mwili wa kawaida una unene wa karibu mm 45, lakini magitaa ya bei nafuu huwa na mm 40 au pungufu. Bloki ndefu itachungulia nje ya mgongo, na kifuniko hakitafunga. Bloki nene nayo hugonga ukuta wa shimo unapobonyeza mkono, hivyo angalia nafasi iliyopo mbele na nyuma yake. Kuhusu bloki ya chuma, shaba ya njano au zinki, tofauti ya sauti ipo, lakini briji isiyokaa vizuri haiokolewi na chuma chochote.

Kufunga: toa kwanza briji ya zamani, yaani legeza nyuzi, vua springi, kisha skrubu. Tundu lililolegea lijaze kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, liache siku nzima, halafu litoboe upya kwa keekee nyembamba kuliko skrubu. Paka skrubu nta au sabuni kavu. Kwenye briji ya skrubu sita, anza na mbili za pembeni: kaza mpaka nyuma ya sahani, lile bamba la juu la briji, ianze kuinuka, kisha rudisha hadi ilale. Nne za kati zibaki juu kidogo, zisiibane sahani. Ukizikaza zote sita mpaka mwisho, briji haitacheza, na ukilazimisha mkono utang'oa mbao.

Kwenye nguzo mbili, usizungushe nguzo nyuzi zikiwa zimekazwa. Makali yanakwaruzwa, na baada ya hapo tyuni hairudi. Springi tatu zinatosha nyuzi za 9 au 10, yaani seti ambayo uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.009 au 0.010. Ukitaka briji ielee, nyuma yake iinuke karibu mm 3 juu ya mwili. Ikiinama sana mbele, kaza skrubu za kulabu inayoshika springi kwenye shimo la mgongoni nusu mzunguko, tyuni, pima tena. Hii hurudiwa mara nyingi.

Mkono wa zamani usiulazimishe kwenye briji mpya. Uzi wa skrubu, yaani mifereji inayozunguka ncha ya mkono, una vipimo viwili: wa Marekani, 10-32, una kipenyo cha mm 4.83, na M5, wa kipimo cha metriki, una mm 5. Wa kwanza ukiingia kwenye tundu la pili unatikisika. Wa pili ukilazimishwa kwenye tundu la kwanza unakata mifereji ya tundu hilo, na bloki yote inakuwa ya kutupwa.